Dada yangu ameambiwa akanywe mionzi: je, ni lazima?

Swali: Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 34, ni mwalimu huku Tukuyu. Alikuwa na rovu kwa muda mrefu. Miezi miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji, tezi yote ikatolewa. Majibu ya nyama yamerudi: saratani ya thairoidi aina ya papilari, sentimita 1.6, tezi za limfu za shingoni hazijaguswa na saratani. Amepewa rufaa aende Dar es Salaam kunywa mionzi. Ana mtoto wa miezi minane anayenyonya. Watu wanasema ukinywa mionzi huzai tena na nywele zinanyonyoka. Ameambiwa pia aache chumvi yenye madini joto, wakati sisi tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba rovu linaletwa na kukosa madini joto. Mbona sasa anakatazwa? Halafu alipokuwa wodini aliletewa karatasi ya utafiti atie sahihi, akaogopa kufanywa panya wa maabara, akakataa. Wazee wanataka tuuze kiwanja ili asafiri. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kiwanja msikiuze kwanza.

Sisemi dada yako hahitaji mionzi. Nasema kwamba kwa maelezo uliyonipa huenda asiihitaji kabisa, na karatasi ya majibu ya nyama iliyomo kwenye faili lake ndiyo itakayotuambia. Mimi kazi yangu ya miaka yote ni kuwapa watu dawa hiyo, kwa hiyo usidhani naipinga. Ninachopinga ni mtu kupanda basi kutoka Tukuyu, kumwachisha mtoto ziwa na kumaliza akiba ya ukoo kwa sababu tu kila mwenye saratani ya thairoidi hunywa mionzi. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi sivyo.

Nianze na swali lako la chumvi, maana hilo ukilielewa mengine yanafunguka yenyewe. Tezi ya thairoidi inakaa chini kidogo ya kikoromeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoendesha mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, hata ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Malighafi ya homoni hizo ni madini joto. Seli za tezi zina kitu mfano wa pampu kwenye kuta zake, kinachovuta madini joto kutoka kwenye damu na kuyarundika ndani. Yakiadimika, tezi hujitanua ili inase hata kidogo kinachopita, na kutanuka huko ndiyo rovu. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa hilo. Ndiyo maana miaka ya 1980 watoto wa shule wa mikoa hiyo waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Mlichofundishwa darasani ni kweli tupu.

Sasa, seli ya saratani ya papilari imezaliwa na tezi hiyo hiyo. Imeharibika tabia, lakini mara nyingi haijasahau kula madini joto. Hapo ndipo tiba ilipopata mlango. Mwaka 1936 daktari kijana wa Boston, Saul Hertz, alimsikiliza mwanafizikia Karl Compton wa chuo cha MIT akitoa mhadhara, akamwuliza swali moja: je, madini joto yanaweza kutengenezwa yakawa na mionzi? Mwaka 1941 akampa mgonjwa wake wa kwanza, ambaye tezi yake ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York wakaandika habari za mgonjwa mwenye saratani ya thairoidi iliyosambaa, aliyepata nafuu kwa dawa hiyo. Ni madini joto namba 131. Kila siku 8 nguvu yake hupungua kwa nusu, na miale yake inayoua haifiki mbali, ni kama milimita moja au mbili tu ndani ya nyama. Seli inameza chakula chake, chakula kinaiua. Sijui dawa nyingi za saratani zenye ujanja wa namna hiyo.

Lakini ili seli imeze kwa pupa, lazima kwanza iwe na njaa. Ndiyo sababu mgonjwa huzuiwa madini joto kwa wiki moja au mbili kabla ya dawa, si zaidi. Na anayezuiwa ni yeye peke yake. Nimewahi kukuta nyumba nzima imeacha chumvi yenye madini joto kwa karibu mwaka, kwa kumwonea mgonjwa huruma, na humo ndani mna mkwe mjamzito. Tafadhali msifanye hivyo. Watoto wa nyumbani wanaihitaji chumvi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Na dada yako mwenyewe, kama hajapangiwa tarehe ya kunywa mionzi, hana sababu ya kuiacha leo.

Tuje kwenye utafiti, maana jibu langu lote limeegemea hapo. Kwa miongo mingi sisi wa fani hii tuliwapa mionzi karibu wote waliotolewa tezi nzima. Hoja ilikuwa kwamba mkono wa daktari hauwezi kumaliza kila chembe ya tezi, basi mionzi ifagie kilichobaki. Ni hoja nzuri kuisikia, ila hakuna aliyekuwa ameipima sawasawa kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ni mdogo. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya majaribio mawili kwa pamoja: HiLo la Uingereza, wagonjwa 438, na ESTIMABL la Ufaransa, wagonjwa 752. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dozi ya milikyuri 30 (milikyuri ni kipimo cha nguvu ya mionzi), wengine 100. Ile ndogo ilifagia karibu sawa na ile kubwa, na ikawa na madhara machache. Fikiria ni watu wangapi duniani walikuwa wamekunywa 100 bila sababu, nami nikiwa mmoja wa waliokuwa wakiwapa.

Baada ya hapo Wafaransa wakauliza swali ambalo wengi tuliogopa kuliuliza: na tusipowapa kabisa? Jaribio hilo, ESTIMABL2, matokeo yake yalitoka mwaka 2022. Waliingia watu 776, wote wametolewa tezi nzima, uvimbe hauzidi sentimita 2, tezi za shingoni hazina saratani. Nusu walipewa milikyuri 30, nusu hawakupewa kitu, walifuatiliwa tu kwa altrasaundi na vipimo vya damu. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa salama bila tatizo lolote walikuwa asilimia 95.9 kati ya waliokunywa na asilimia 95.6 kati ya ambao hawakunywa. Tofauti hiyo haina uzito wa kumpandisha mtu basi. Mwaka 2025 Waingereza nao wakatoa lao, IoN, la watu 504 waliofuatiliwa miaka mitano, na hadithi ikawa ile ile.

Umeona uvimbe wa dada yako ni sentimita 1.6, tezi imetoka yote, na shingoni ni pasafi. Kwa vipimo hivyo anafanana mno na watu wale 776.

Hata hivyo naomba usiishie hapa ukamwambia dada achane rufaa. Wale wa Ufaransa walikuwa na kitu ambacho sina uhakika kama dada yako anacho: kila uvimbe ulichunguzwa vizuri chini ya hadubini, na shingo ya kila mtu ilipigwa altrasaundi na mtu anayejua anachotafuta. Kwetu wagonjwa wengi hufika rovu likiwa limeshakuwa kubwa, na wengine wana aina ya folikula, ambayo huonekana zaidi mahali palipokuwa na upungufu wa madini joto na ambayo hupenda kupanda mishipa ya damu kwenda kwenye mapafu na mifupa. Nimeshapokea mama aliyekuja kwa sababu ya paja lililovunjika akiwa anateka maji, na kumbe chanzo kiko shingoni. Kwa mtu kama huyo dawa hii haina mbadala, na kumcheleweshea ni kumdhulumu. Kwa hiyo mtu asichukue barua hii akaenda kumshauri jirani yake mwenye aina nyingine.

Kinachotakiwa ni kuisoma karatasi. Mwombe dada aende hospitali akachukue nakala ya majibu kamili. Msipokee ule mstari mmoja ulioandikwa kwenye kadi. Ni haki yake. Humo kuwe na aina ya saratani na tabia yake, maana papilari nayo ina matawi, na machache kati yake ni makali. Kuwe na maelezo kama uvimbe ulitoboa ganda la tezi na kutoka nje, kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, na zaidi ya yote kama seli zimeonekana ndani ya mishipa ya damu. Kama mstari huo wa mishipa haumo, haina maana kwamba jibu ni hapana. Pengine hakuna aliyeangalia. Vipande vya nyama yake vimehifadhiwa kwenye nta, vidogo kama vipande vya sabuni iliyokwisha, na vinaweza kukatwa upya na kusomwa na mtu wa pili hata baada ya miaka. Nauli ya kuvipeleka vipande hivyo kwenye hospitali kubwa ni ndogo kuliko ya kumpeleka mwenyewe.

Kisha amwulize daktari aliyemwandikia rufaa: "Mimi niko kundi gani la hatari, na mionzi itanisaidia nini ambacho kufuatiliwa hakutanisaidia?" Aliulize kwa adabu, ila aliulize. Daktari mzuri hakasiriki. Yawezekana ana sababu ambayo haikuandikwa kwenye ujumbe wako, kwa mfano kiwango cha thairoglobulini, protini ya damuni inayotengenezwa na seli za thairoidi, kilichobaki juu baada ya upasuaji. Yawezekana pia aliandika rufaa kwa mazoea. Hata mwongozo wa chama cha madaktari wa thairoidi wa Marekani, tangu ule wa 2015, haupendekezi mionzi kama desturi kwa walio kwenye kundi la hatari ndogo.

Suala la mtoto ndilo linalonifanya niwe mkali kidogo. Titi linalonyonyesha lina pampu zile zile za madini joto. Mama akinywa dawa hii huku maziwa yanatoka, sehemu yake inaingia kwenye maziwa, mtoto ananyonya, tezi yake changa inaimeza na inaweza kufa moja kwa moja. Kwa hiyo mama lazima awe ameacha kabisa kunyonyesha angalau wiki sita kabla, maziwa yakauke, na mtoto huyo asirudishwe ziwani tena. Kwa watakaofuata hakuna tatizo. Kituo chochote kinachofahamu kazi yake kitamwuliza hilo kabla ya yote na kumpima mimba. Lakini yuko mama ambaye huulizwa akiwa ameshafika, ameshalipa nauli, mtoto kampakata, na hapo huona aibu kusema ukweli. Ndiyo maana nalisema mapema. Habari njema ni kwamba saratani ya namna hii haina mbio. Kusubiri miezi kadhaa ili karatasi isomwe vizuri, au hata mtoto afikishe umri wa kuachishwa, hakumharibii mtu wa kundi la hatari ndogo.

Tuseme sasa nyama imesomwa upya na imeonekana mionzi inafaa. Kuna vituo vichache nchini vyenye tiba ya nyuklia, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo inayojulikana zaidi. Kabla ya kwenda ataacha kidonge chake cha homoni, kile anachomeza kuziba pengo la tezi iliyotolewa, kwa wiki tatu au nne ili mwili upige kelele ya njaa. Iko sindano inayofanya kazi hiyo bila kuacha kidonge, ila bei yake huku kwetu ni ya kuogopesha. Wiki hizo atakuwa mzito, usingizi mwingi, choo kigumu, na kibaridi cha Tukuyu kitamwingia mifupani kuliko kawaida. Asiendeshe bodaboda wala gari.

Kuhusu chakula, aache samaki wa baharini, dagaa wa baharini, maziwa na mayai kwa wiki hizo mbili za mwisho. Ugali, wali, ndizi, maharage, viazi na mboga vyote ni ruhusa, ilimradi viungwe bila chumvi yenye madini joto. Ndizi zenu za Rungwe zisizokolezwa chumvi ni adhabu, najua, lakini limau na kitunguu saumu vinasaidia. Wasomaji wangu wa Unguja na Pemba niwaongezee mwani: mnaoutia kwenye juisi au saladi, huo ndio ghala la madini joto, usipite mdomoni kabisa. Na wauguzi wasimsafishe kidonda kwa ile dawa ya kahawia yenye madini joto.

Kuna mtego mmoja ambao hauko jikoni. Ni kipimo cha CT kinachopigwa kwa kuchomwa dawa mshipani. Dawa ile imejaa madini joto. Mgonjwa wangu mmoja alisafiri siku mbili, chakula alikishika vizuri kuliko mtawa, tukakuta kwenye begi lake picha ya CT ya wiki tatu nyuma. Seli zilikuwa zimeshiba. Tulimrudisha nyumbani bila dawa, akalia, na mimi sikuwa na la kumwambia. Baada ya CT ya namna hiyo ni kusubiri kama miezi miwili.

Siku yenyewe haina vitisho kama watu wanavyohadithia. Kidonge kinaletwa ndani ya kopo zito la risasi, ukubwa wake ni kama kapsuli ya amoksilini. Mhudumu anasimama nyuma ya ukuta mfupi wa risasi, anafungua kifuniko, mgonjwa anakimimina mdomoni moja kwa moja bila kukishika, anakunywa maji, basi. Hakiumi, hakina ladha. Wengine hupewa cha maji, wakakivuta kwa mrija, ndiyo maana tukasema kunywa. Kinachochosha ni upweke wa baadaye, hasa kwa dozi kubwa: chumba cha peke yake, sahani inaachwa mlangoni, muuguzi anazungumza akiwa mbali. Dawa inayobaki mwilini hutoka zaidi kwa mkojo, na kwa mtu asiye na tezi sehemu kubwa huwa imetoka ndani ya siku mbili, kwa hiyo anywe maji mengi, aende msalani mara kwa mara, aketi wala asisimame, na avute maji mara mbili. Anyonye pipi za limau kuanzia kesho yake ili tezi za mate zisivimbe. Kila siku tunapita na kile kimashine kinacholia, tunapima mionzi yake kutoka umbali wa mita moja, na kikishashuka anaruhusiwa.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea, maana zinadhani kuruhusiwa ni kupanda basi. Kutoka Dar hadi Tukuyu ni zaidi ya kilomita 800, ni kutwa nzima bega kwa bega na mtu usiyemjua, pengine mjamzito, pengine aliyepakata kichanga. Aulize kabisa siku ya kuruhusiwa: nisafiri lini, nilale peke yangu siku ngapi, mtoto nisimpakate kwa muda gani. Majibu hutegemea dozi na kile kimashine kilichosoma. Kwa watoto wadogo na wajawazito mara nyingi huwa ni siku kadhaa hadi wiki mbili tatu. Mpangieni mahali pa kukaa Dar ambapo hakuna watoto. Kufikia kwa shangazi mwenye wajukuu wanne chumba kimoja hakutafaa, hata kama shangazi atanuna.

Kuzaa atazaa. Kwa dozi za kawaida hedhi inaweza kuyumba kwa miezi, kisha ikarudi. Tunamwomba mwanamke asishike mimba kwa miezi 6 hadi 12, ili pia homoni zitulie. Nywele hazinyonyoki kama kwa dawa za mshipani za saratani. Zinazopungua hupungua kwa sababu ya kukaa bila kidonge cha homoni, na zinarudi. Madhara ya kweli ambayo hayasemwi mtaani ni haya: mdomo kukauka, ladha kubadilika, tezi za mate kuvimba na kuuma, na hatari ndogo ya saratani nyingine miaka ya mbele ambayo huongezeka kadiri dozi zinavyojumlishwa. Ni ndogo, lakini mtu asiyehitaji dawa hana sababu ya kuibeba.

Akinywa au asinywe, kidonge cha levothairoksini ni chake maisha yote, na hapa ndipo naona watu wakiharibikiwa kuliko kwenye mionzi. Akimeze asubuhi kwa maji matupu, halafu angoje angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo anywe chai. Chai ya maziwa na kidonge havipatani. Vidonge vya damu vya kliniki ya uzazi na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne. Mwalimu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri anaweza kuona ugumu, basi akiweke kitandani na chupa ya maji, akimeze akiamka tu. Wengine hukimeza usiku, zikipita saa tatu tangu chakula cha mwisho, nacho hufanya kazi. Dozi isipandishwe ovyo kwa kudhani kwamba homoni nyingi huzuia saratani isirudi. Kwa mtu wa hatari ndogo, kuzidisha huleta moyo kwenda mbio na mifupa kudhoofika. Akishika mimba nyingine, aende kupima wiki ile ile, kwa sababu mahitaji hupanda mapema, na mtoto tumboni anategemea homoni ya mama.

Ufuatiliaji wenyewe ni altrasaundi ya shingo na damu ya thairoglobulini pamoja na kingamwili zake, maana kingamwili zikiwepo huweza kuficha kipimo. Apime maabara ile ile kila mara. Namba moja peke yake hainiambii sana. Ninachotazama ni inakoelekea mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo bei ya kutokunywa mionzi: mtu akubali kurudi. Kama mnaona hatarudi, semeni ukweli kwa daktari, kwa sababu hilo nalo linaingia kwenye uamuzi.

Mawili ya haraka kuhusu upasuaji. Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyolinda kalsiamu, na vinaweza kujeruhiwa. Akihisi ganzi au kuchomachoma kwenye midomo na ncha za vidole, au mkono ukajikunja, aende hospitali siku hiyo hiyo. La pili, yeye ni mwalimu: sauti yake imerudi? Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita hapo hapo. Kama bado inakwaruza baada ya miezi hii miwili, amwone daktari wa koo, pua na masikio. Asingoje.

Sasa ile karatasi ya utafiti. Simlaumu kwa kukataa asichokielewa, alifanya sawa. Karatasi hiyo ilipaswa kuwa kwa Kiswahili, isomwe naye taratibu, na aachiwe nakala. Lakini kuna utafiti na utafiti. Mwingi unaofanywa wodini kwetu ni wa kuomba ruhusa ya kutumia taarifa za faili, kuhifadhi kipande cha nyama ambacho tayari kimeshatolewa, au mililita chache za damu. Tiba yake haibadiliki hata kidogo. Mwingine ndio wa majaribio, ambapo watu hugawanywa kwa kura kama wale wa Ufaransa, na huo una masharti mazito zaidi. Yote miwili lazima iwe na kibali cha maadili, na kwa Tanzania Bara kibali cha taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Wakija tena aombe kuona namba ya kibali, aulize kama sampuli itatoka nje ya nchi, nani analipa nauli ya ziada, na kama ataambiwa lolote litakaloonekana. Na ajue anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Wakishindwa kujibu hayo, aendelee kukataa.

Wakijibu vizuri, mimi kama ndugu ningemwambia akubali. Namba zote nilizokupa zimetoka kwa watu wa Ulaya waliotia sahihi karatasi kama hiyo. Kuhusu wanawake wa Rungwe wenye rovu la miaka mingi, hakuna jaribio la namna hiyo ninaloweza kukunukulia, na kila siku nalazimika kukisia kutoka kwa Wafaransa.

Usiwapange sasa ndugu wote foleni ya altrasaundi. Korea Kusini ilijaribu kupima shingo za watu wasio na dalili. Kufikia 2011 wagonjwa wapya wa saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993, na vifo havikupungua. Walikuwa wanachimbua vivimbe ambavyo vingelala kimya hadi mtu afe kwa uzee. Huko Kobe, Japani, Hospitali ya Kuma tangu 1993 imekuwa ikiwaangalia tu wenye papilari isiyozidi sentimita moja bila kuwapasua, na wengi wao vivimbe havikukua. Mwenye kivimbe kinachoonekana au kuguswa, huyo apimwe. Ingekuwa karatasi imesema aina ya medula ningekuambia kinyume chake, kwa sababu hiyo yaweza kurithiwa, hivyo ndugu na watoto hupimwa damu, na mionzi ya madini joto haiifai kabisa. Hakikisheni neno lililoandikwa ni papilari.

Basi wiki hii ni safari moja tu, ya hospitali iliyompasua, kuchukua nakala ya majibu na kuomba vipande vya nta visomwe tena. Ukiipata, nitumie picha yake, na ule mstari wa mishipa ya damu uonekane vizuri. Kiwanja kikae. Mtoto naye aendelee kunyonya, kidonge cha kila asubuhi anachomeza mama yake hakimdhuru.